Uzito wa Kapu Tupu

Mwaka ninaoanzia ni ule tuliokula unga wa njano. Wanaotaka tarehe wawaulize wenye kalenda. Mimi nawaambia tulikula nini. Mvua ilikataa, mihogo ikakonda ardhini kama vidole vya mgonjwa, migomba ikakunja majani, ndipo yakaja malori na unga wa mahindi ya njano kutoka ng'ambo. Ugali wake ulikuwa na rangi ya kiini cha yai na harufu ya gunia. Watoto waliulilia kabla ya kuuonja, na ulipokwisha wakaulilia tena. Ndio mwaka tuliohamishiwa kijijini, kila mtu na mlango wa nyumba yake kichwani, na ndio mwaka nilioanza kazi ya mzani.

Nayaandika haya kwa ajili yenu vijana mliobaki ghalani. Siku ya kuagana mlisema, "Bibi Adela, tuandikie mambo ya kazi." Haya. Darasa langu ni la tatu, na hilo la tatu lenyewe nililiacha katikati, kwa hiyo atakayekuta neno limekaa upande alinyooshe mwenyewe, asinisumbue. Vyeo sitavitaja, maana niliingia mpimaji nikatoka mpimaji. Mshahara nao nauacha, usije ukawatia huzuni. Nitasema habari za mzani, za Mzee Sefu aliyenifundisha, na za siku ile jina lake liliponing'inia kwenye ndoano kama kapu. Tena naandika nikiwa na furaha ya kunichezesha miguu chini ya meza. Mwezi uliopita mjukuu wangu Jovitha, anayesoma fizikia chuo kikuu, alikuja likizo, na katika kuulizana habari za kazi nikagundua kwamba yeye na mimi tuna kazi moja. Mimi nimepima makapu matupu. Yeye anapima utupu wenyewe.

Msicheke. Nitafika huko.

Mimi ni mtoto wa Mbuba, kule Ngara, nikaolewa Nemba, huku Biharamulo. Siku unga wa njano ulipogawiwa kijijini kwetu nilikuwa kwenye foleni na mtoto mgongoni. Mgawaji alikuwa kijana mmoja aliyeshika kibaba cha bati, anachota, anamimina, anachota, anamimina. Nikakitazama kile kibaba. Kitako chake kilikuwa kimebonyea kwa ndani kama shavu la kibogoyo.

Nikapaza sauti, "Wewe! Hicho kibaba chako kimekula unga wetu kabla yetu sisi!"

"Mama, nyamaza, foleni ni ndefu."

"Foleni ni ndefu na kibaba ni kifupi! Kigeuze watu wakione kitako!"

Watu wakacheka, wakaanza kusukumana. Mzee mmoja mwenye kofia ya kufuma akatoka ghalani, akakichukua kile kibaba, akakigeuza, akaingiza kidole gumba ndani akausikia mbonyeo. Huyo ndiye Mzee Sefu, mtunza ghala. Alimtazama kijana, akanitazama mimi.

"Wewe mwenye mdomo," akasema, "njoo hapa. Mdomo kama huo ukiachwa foleni utaharibika."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Hakuna aliyeniuliza cheti, na kama wangeniuliza ningewaonyesha mtoto.

Somo la kwanza alinipa siku hiyohiyo, tukiwa tumekaa juu ya magunia. "Mwanangu," alisema, "watu wana vipimo vyao walivyozaliwa navyo, na serikali ina vyake vya kuletwa na lori. Mama anakwambia kapu, serikali inataka kilo. Mama hadanganyi na serikali haidanganyi. Sisi tunakaa katikati kama daraja, na daraja hukanyagwa na wa ng'ambo zote mbili."

Akanifundisha kwamba kibaba cha tele, kile chenye kilima juu, si ndugu wa kibaba cha mfuto, kile ulichokifuta usawa wa mdomo kwa kijiti. Kapu la mahindi na kapu la maharage ni majirani tu, kila moja lina uzito wake. Ukiongeza upana wa kapu kidogo, na kimo kidogo, na urefu kidogo, usidhani umeongeza kidogo. Umeongeza mara tatu, maana tumbo la kapu linakua kila upande. Hilo lilinichukua muda mrefu kuliamini. Nililiamini siku niliyosuka kapu jipya "kubwa kidogo tu" kuliko la zamani, likashindikana kunyanyuka.

Wakati huo alikuja bwana mpima ardhi kutoka wilayani, kijana safi, soksi mpaka magotini. Akamwuliza mama mkwe wangu, "Mama, kutoka hapa mpaka mtoni ni umbali gani?"

Mama mkwe akafikiri vizuri, maana hakuwa mtu wa kujibu ovyo. "Ukibandika maharage sasa hivi, ukaenda, ukarudi, yanakuwa yameiva."

"Mama, nauliza umbali, siyo chakula."

"Na mimi nimekujibu umbali. Maharage ya mwaka huu, siyo ya mwaka jana. Ya mwaka jana ni magumu, utafika mpaka kwa kina Yusufu."

Mpima ardhi alikuna kichwa. Mzee Sefu akamchukua pembeni, akambadilishia maharage kuwa kilomita, maana hesabu hiyo alikuwa nayo: mwendo wa mtu asiye na mzigo, kwa muda wa sufuria moja. Nilipomsimulia Jovitha habari hii mwezi uliopita aliruka kutoka kitini. "Bibi! Hivyo ndivyo tunavyofanya sisi!" Akaniambia wenzake wanaosoma vitu vidogo kabisa wameamua kasi ya mwanga iitwe moja, basi, moja tupu, kwa hiyo umbali na muda vinakuwa kitu kimoja, ukitaja hiki umetaja kile. Wanaviita vipimo vya asili. Kwao urefu, muda na uzito vyote vinasemwa kwa kipimo kimoja cha nishati, kama mama mkwe alivyosema kila kitu kwa maharage. Halafu akija mtu wa soksi ndefu anayetaka mita, lazima awepo wa katikati wa kumbadilishia. Huyo ndiye Jovitha. Nilimkumbatia mpaka miwani yake ikapinda.

Turudi ghalani. Vyombo vyetu vilikuwa vichache na nilivipenda kama mbuzi wa mahari. Mzani wa kuning'inia, wenye uso wa mviringo kama saa na ndoano chini yake. Kamba ya katani ya kuufunga kwenye boriti. Jiwe la chuma la kuupimia mzani wenyewe kila asubuhi, kwa sababu mzani nao huamka vibaya kama watu. Kijiti cha mfuto. Na macho. Mzee Sefu alisema mpimaji asiposimama uso kwa uso na mshale, akautazama kwa upande, amepima shingo yake.

Na kulikuwa na sheria moja iliyopita zote. Pima tupu kwanza. Chombo kina uzito wake, na uzito huo ukiusahau unageuka mwizi asiye na miguu. Ukipima kapu lililojaa, lazima ujue kapu lenyewe lina uzito gani, uutoe, ndipo kinachobaki ni maharage ya mtu. Lakini kupima kila kapu tupu kila linapokuja ni kuwaweka kina mama juani mpaka jioni. Kwa hiyo Mzee Sefu akaamua tupime makapu yote mara moja, matupu, na kila kapu lifungwe uzi wenye mafundo penye mpini: fundo kubwa kilo, fundo dogo robo. Baada ya hapo kapu likija limejaa, unasoma mshale, unapapasa mafundo, unatoa. Nilikuwa nafanya hivyo nikiongea na mtu mwingine.

Akatangaza: "Kesho kila mama alete kapu lake tupu."

Walikuja wote, makapu kichwani, yamefunikwa khanga au jani la mgomba. Mimi natundika, nasoma, Mzee Sefu anafunga mafundo. Kazi nzuri, ya haraka, tukaimaliza tukajisifu. Jaribuni kuliona hilo shamba la makosa tulilolilima siku hiyo huku tunaimba. Sisi hatukuliona mpaka vita.

Mwaka wa vita nao nitauweka kwa chakula: ndio mwaka tuliokula maharage bila chumvi. Chumvi haikuonekana, sukari ikawa hadithi, sabuni tukarudia majani. Adui alikuwa amevuka huko kaskazini, watu wa upande ule wakawa wanakimbia na magodoro yao, na vijana wetu wakapanda malori wakiimba. Mume wangu alikuwemo. Mvua ya mwaka ule ilikuwa nzuri kwa dharau, maharage yakajaa mashambani kana kwamba hayajasikia habari. Kijiji kikakubaliana kupeleka maharage kwa askari. Kila nyumba itoe inachoweza, lori litakuja.

Kina mama walileta kapu baada ya kapu. Wengine walikuja asubuhi na mchana na kesho yake tena, maana kila mmoja alikuwa na mtu wake kule mbele, na alipomimina maharage alikuwa anamlisha huyo. Mimi natundika, nasoma, napapasa mafundo, natoa, nataja kilo kwa sauti mwenyewe asikie. Tukimaliza tunamimina kwenye magunia.

Lori lilipokuja lilimleta Ndugu Mkaguzi kutoka Biharamulo mjini. Mtu mrefu, sauti ya kengele, koti la mvua. Akataka magunia yapimwe upya kabla ya kupakiwa, jambo lisilowahi kufanywa kwetu, na alikuwa na haki. Tukayapima. Akajumlisha, akajumlisha tena. Akamgeukia Mzee Sefu.

"Mzee," akasema, "maharage yamezidi."

Mzee Sefu akatabasamu. "Alhamdulillahi."

"Siyo Alhamdulillahi. Yamezidi yale uliyopokea. Yamezidi kwa magunia matatu." Akamsogelea. "Yakipungua nasema panya. Yakizidi nisemeje? Panya wamezaa maharage?"

Nyie mmezoea kuogopa upungufu. Basi sikieni: ziada ni mbaya kuliko upungufu. Ziada ghalani maana yake kuna watu waliotoa zaidi ya walichotajiwa. Maana yake mpimaji anapunja. Na mwaka ule, mtu anayepunja chakula cha askari hakuitwa mpunjaji. Aliitwa mlanguzi, aliitwa mhujumu, na watu wa namna hiyo walipandishwa lori hilohilo wakapelekwa kufungiwa kwenye boma la Wajerumani pale mjini.

Mzee Sefu alisema, "Ndugu Mkaguzi, sijui yametoka wapi. Nikisema najua nitakuwa nimeongeza uongo juu ya maharage."

Kina mama walikuwa wamesikia. Mmoja akasema, "Kumbe tulikuwa tunapunjwa!" Mwingine, "Na kofia yote ile!" Mwingine ambaye mzee alimzikia mtoto wake kwa mikono yake mwenyewe akageuka akatema mate chini. Nilimwona Mzee Sefu akiyaona yale mate. Alivua kofia yake, akaishika mkononi, na kichwa chake kilikuwa kidogo kuliko nilivyodhani. Miaka yote ile sikuwahi kukiona.

Mkaguzi akanigeukia. "Wewe binti wa mzani. Yapime haya matatu yaliyozidi, taja kilo zake mbele ya watu, tuondoke na huyu bwana kabla mvua haijaziba barabara."

Nikafungua mdomo wangu uleule wa foleni.

"Sipimi kilichojaa kabla sijakiona kitupu."

"Unasemaje?"

"Magunia yamelowa, ndugu. Gunia likilowa linanenepa. Yamwagwe, yapimwe matupu, ndipo nitaje kilo."

"Binti, kuna vita."

"Najua. Mume wangu yuko huko. Sipimi."

Nitawaambia ukweli, sikuwa na busara yoyote kichwani. Nilikuwa nashikilia sheria ya mzee kama mtu anayezama anavyoshika nyasi, nikitumaini kwamba maji ya mvua ndiyo yaliyozidi. Mkaguzi alinitazama sana. Halafu akasema, "Haya. Mwageni." Nilimheshimu tangu hapo, na bado namheshimu.

Tukatandika mikeka. Lakini maharage ya gunia zima yanahitaji cha kuchotea, nikapiga kelele, "Leteni kapu tupu! Upesi!"

Mama mkwe wangu akakimbia nyumbani, palikuwa karibu. Akarudi anahema, kapu kichwani limefunikwa jani. Akamfikia Mkaguzi, akapiga goti kidogo, akalitoa kwa mikono miwili kama inavyopasa. Mkaguzi akafunua.

"Mama, tumesema kapu tupu."

"Ndilo hilo, baba."

"Kuna maharage humu."

"Konzi moja tu."

"Na ndizi mbili."

"Ndiyo, baba."

"Sasa utupu wake uko wapi?"

Mama mkwe alimtazama kwa huruma, jinsi unavyomtazama mtoto aliyelelewa na watu wasio na adabu. "Baba, hiyo siyo kitu. Hiyo ni adabu. Nani atampa mtu kapu tupu? Tupu kabisa anapelekewa adui."

Nikawa nimesimama na jiwe la chuma mkononi. Ilinijia kama moto wa nyasi, kutoka miguuni kwenda juu. Kwetu kapu haliendi mkononi mwa mtu likiwa halina kitu. Ukirudisha chombo cha jirani unaacha konzi ya nafaka chini, au kiazi, au ndizi, usije ukasemwa unamwombea njaa. Hatufundishwi, tunanyonya na maziwa ya mama. Na siku ile ya mafundo, kila mama alipoambiwa alete kapu lake tupu kwa Mzee Sefu, alileta kapu tupu la adabu! Tena kwa mtu mkubwa kama yule, wengine waliweka kibaba kizima. Mzee hakuchungulia, kwa sababu mwanamume mwenye heshima zake hafunui kapu la mke wa mtu. Na mimi? Mimi nilizifunua khanga, nikaziona konzi zile kwa macho yangu, nikaona kapu tupu. Hata kapu langu lilikuwa na kiazi. Macho yalitazama kiazi, kichwa kikasoma hakuna kitu.

"Ndugu Mkaguzi!" nilipiga kelele. "Mafundo yamefungwa pamoja na adabu!"

"Mmefunga nini?"

Nikaropoka yote, mara mbili, mara ya pili kwa mpangilio. Tulilipima kapu likiwa na konzi ndani, tukaiita konzi hiyo uzito wa kapu. Kisha kapu lilipokuja limejaa maharage, konzi haikuwemo, kwa nini iwemo na kapu limejaa? Lakini sisi tuliitoa kila mara. Kila kapu, kila safari, konzi moja ya maharage ya kweli ilifutwa kwa mdomo wangu na kuingia guniani kwa miguu yake. Konzi si kitu. Lakini kijiji kizima, asubuhi na mchana na kesho yake tena, konzi zikawa magunia.

Mkaguzi akawatuma kina mama wote nyumbani: kila mmoja alete kapu lake tupu, asiambiwe zaidi. Wakaja. Akayafunua moja moja mwenyewe, mtu mkubwa na koti lake, akimwaga adabu kwenye mkeka: maharage, mahindi, viazi, ndizi, yai moja lililomponyoka. Kila akifunua anauliza, "Mama, hili ni tupu?" na anajibiwa, "Tupu kabisa, baba." Mpaka la tano alikuwa anacheka. Mpaka la kumi kila mtu anacheka isipokuwa yule aliyetema mate. Yeye alikuwa analia.

Tulipima makapu, safari hii yakiwa uchi, tukakata mafundo ya zamani, tukapiga hesabu ya safari kwa kuulizana. Haikukaa sawasawa kama tofali juu ya tofali. Ilibaki tofauti ndogo, na Mkaguzi akasema hiyo anawapa panya. Kisha akamwendea Mzee Sefu, akachukua kofia mkononi mwake, akaipangusa, akamvika mwenyewe mbele ya watu. "Shikamoo, mzee," akasema. Mzee Sefu akaitikia marahaba, lakini marahaba ile ilitoka vipande vipande.

Kina mama wakakataa kurudishiwa ziada. Ikaenda na lori. Mzee Sefu akabaki. Alifanya kazi na mimi miaka mingine mingi, na mpaka anakufa alinitania: "Adela, umeniokoa kwa ubishi. Elimu ingenipeleka bomani." Mume wangu alirudi pia, amekonda, akasema walikula maharage mpaka wakaota maharage. Nikamwambia nyamaza, umekula adabu ya mama yako.

Baada ya hapo nilibadili kitu kimoja tu katika sheria. Mzee Sefu alinifundisha kupima tupu kwanza. Mimi nikawafundisha walionifuata kuona tupu kwanza. Ingiza mkono. Pindua. Piga kitako. Nimepima kahawa, nimepima pamba, nimepima mahindi ya msaada, nimeona mizani ya mawe ikiondoka na ya tarakimu ikija, ile mnayobonyeza kitufe ikajifuta kuwa sifuri. Naipenda, inawaka kama kimulimuli. Lakini hiyo sifuri yake ni sifuri ya siku ya mafundo. Inasema tupu kwa chochote kilichokuwa juu yake.

Sasa Jovitha. Tuliketi jikoni, tunachambua maharage, nikamsimulia haya yote, naye akaacha kuchambua. "Bibi," akasema, "utupu tunaoupima sisi una adabu chini."

Nikamwambia aeleze polepole. Akasema ndani kabisa ya kila kitu, ndani ya chembe za kiini cha atomi, kuna vipande vinaitwa kwaki, vimefungwa kwa nguvu kali kuliko zote. Ukiviondoa vyote, ukafagia, ukasema sasa ni tupu, bado kuna kitu kimeganda pale chini: jozi za kwaki na kinyume chake, zimejaa kila mahali, na hakuna anayeziona kwa sababu sisi sote tumezaliwa humo. "Kama ulivyokitazama kile kiazi," akasema. Nikapiga kofi magoti yangu yote mawili.

"Sasa wewe unafanya nini hapo?"

"Wenzangu wanaitaja hiyo adabu kwa vipimo vya asili. Wanasema ni mia mbili na hamsini, kwa kipimo chetu cha nishati, iliyozidishwa yenyewe mara tatu. Mimi nabadilisha iwe kwa vipimo vya kawaida, watu wajue ni kiasi gani katika chumba cha ukubwa gani. Tuna namba ya kubadilishia, karibu mia moja tisini na saba. Unagawa."

"Unagawa mara moja?"

"Mara tatu, Bibi, kwa sababu ni tumbo la chumba. Mwaka wa kwanza nusu ya darasa tunagawa mara moja."

"Kapu linakua kila upande," nilisema, na sauti yangu ikapanda kama ya msichana. Tukagawa pamoja kwa mkaa juu ya sakafu. Mia mbili na hamsini kwa mia moja tisini na saba, ni moja na robo na punje. Moja na robo na punje, yenyewe kwa yenyewe, mara tatu: kama mbili. Kama mbili katika kila chumba chenye ukubwa wa chembe ya kiini! Na mbele yake inawekwa alama ya kutoa. Mbili, na ya kutoa, kama mafundo yangu! Nilitembea jikoni nikizunguka meko. Kapu la Mungu nalo linakuja na konzi chini.

Kuelewa sikuelewa yote, na Jovitha anasema wakubwa wake nao wana sehemu wanazoruka. Lakini jambo moja lilinikera, nikamwuliza kama mtu wa kazi kwa mtu wa kazi. "Hicho chombo mmekipima kikiwa na adabu. Je, mlikimwaga mkakiona bila adabu?"

Akacheka kwa aibu kidogo. "Hakimwagiki, Bibi. Hakuna utupu mtupu zaidi ya huo. Tunalinganisha na utupu wa kwenye hesabu tu, ambao hakuna mtu aliyewahi kuuona. Ndiyo maana kazi ni ngumu. Ndiyo maana inanikosesha hata njaa."

Nilimtazama, macho yanawaka, mkaa puani, nikajiona mimi kwenye ile foleni. Nikaona pia kichwa kidogo cha Mzee Sefu bila kofia, na yule mama aliyetema mate, yote kwa sababu ya konzi isiyokuwa kitu. Yeye ana ujasiri wa kupima kisichomwagika. Mimi namjivunia yeye kuliko mizani yote ya Kagera.

"Basi njoo chuoni, Bibi," akasema, akinishika mikono. "Nitakutambulisha kwa walimu wangu. Tukupe utupu wetu uupime mara moja tu, useme una uzito gani. Mara moja tu, wapate kukuona."

Maharage yalikuwa yanachemka. Nilijifuta mkaa kwenye khanga, nikanyoosha mgongo kama nilivyounyoosha mbele ya lile koti la mvua.

"Sipimi kilichojaa kabla sijakiona kitupu."